Matairi ya Kumleta Mtoto Nyumbani

Kwa mikono hii nimechagua tumbaku miaka thelathini na moja. Nikilisugua jani kwa kidole gumba nakutajia daraja lake kabla mteuzi wa soko hajavaa miwani yake, na pale kijijini Usoke hakuna asiyelijua hilo. Wanawake wenzangu wakibishana juu ya fungu, mwisho wa ubishi wao ni kusema, mpelekeeni Rustika. Kwa hiyo sina wa kumsingizia. Yaliyotokea Tabora mwezi wa kumi na moja niliyafanya mwenyewe, na mume wangu Tobia alikuwa amesimama nyuma yangu akitikisa kichwa kukubali.

Tulikuwa tumekwenda kumchukua Jeska, mtoto wetu wa pekee. Miaka minane ya ndoa, mimba mbili zimetoka, na hii ya tatu madaktari wakamwambia asishuke kitandani. Alilazwa hospitali ya Kitete, Tabora, wiki saba. Jumanne akajifungua mtoto wa kike, kilo mbili na robo, sauti yake ndogo lakini analia. Nilipopigiwa simu nilikaa chini kwenye vumbi la uwanja wangu, na kitenge changu kipya, nikalia mpaka jirani akadhani nimefiwa. Ijumaa wangeruhusiwa kutoka. Mkwe wangu Octavian alibaki Usoke akipaka chokaa chumba, maana huyo akifurahi lazima apake kitu chokaa.

Sasa Tobia ni mtu asiyeweza kuona gari linatembea tupu. Tuna Land Cruiser la zamani, zito kama kifaru, na kazi yake ni kuvuta tela la kubebea mizigo ya watu. Akasema tutakwenda na mahindi ya watu, tutarudi na mbolea ya chama cha msingi, mifuko thelathini, kwa sababu mvua zimeanza na wakulima wanasubiri. Nikamwambia, mjukuu wangu si mfuko wa mbolea. Akasema mjukuu atakaa mbele na mbolea itakaa nyuma, sasa ugomvi uko wapi? Tukaondoka na mahindi ya watu, nikiwa nimenuna.

Tulipobakiza kama kilomita ishirini kufika Tabora, tairi la nyuma kushoto likapasuka. Sitaki kueleza sana. Gari lilikwenda kulia, tela likaenda kushoto, kisha likarudi likitusukuma kama ng'ombe aliyekasirika, na Tobia akaushika usukani kwa mikono miwili bila kukanyaga breki, mpaka tukasimama pembeni tukitazama tulikotoka. Hakuna aliyeumia. Akafunga tairi la akiba, ambalo lilikuwa kipara kabisa, akanigeukia.

"Mama Jeska," akaniambia, "ingekuwa ndiyo tunarudi, je? Mtoto yumo humu?"

Tangu hapo hadi mjini sikuwaza kitu kingine. Nilijiapiza kwamba mtoto yule hatapanda gari lile mpaka magurudumu ya nyuma yawe na matairi ambayo mimi mwenyewe nimeyashika na kuyakubali.

Mjini tukashusha mahindi, tukapakia mbolea, halafu tukaenda dukani kwa mzee Jivraj. Babu yake alikuja Tabora enzi za misafara ya Ujiji, akasema atapumzika wiki moja, na duka bado lipo. Siku hizi wanauza matairi, betri na oili. Mzee mwenyewe hukaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, na mkewe Manjula hukaa ndani kwenye meza, akiandika risiti na kumkosoa mumewe kwa sauti ya chini.

"Shikamoo, mzee," tukamwamkia.

"Marahaba, wanangu. Mama Jeska, mjukuu je?"

Kumbe habari ilishafika. Nikamweleza yote: mtoto, tela, tairi lililopasuka. Akasimama kabla sijamaliza. Akatutolea matairi mawili mapya, akayasimamisha mbele yangu, akasema, "Haya hapa. Yameingia mwezi uliopita. Kwa kazi yako, ni haya."

Nikainama kuyapima. Nikalisugua moja kwa kidole gumba. Laini! Ukucha ulizama, na mpira ukanata kidogo. Nikanusa: harufu kali, ya kuumiza pua.

Hapo unielewe. Tumbaku ikifungwa robota kabla haijakauka sawasawa, inavunda ndani. Ukiipeleka sokoni na unyevu wake, mteuzi anaingiza mkono, anautoa, anatikisa kichwa, na robota linarudi nyumbani. Mwaka mmoja yalirudi yetu kumi na mawili kwa mpigo, na Jeska akakosa shule muhula mzima. Tangu mwaka ule, kitu chochote kilicho laini, kinachonata na kunuka, mimi nakiona ni kibichi, na kibichi sikitaki.

"Haya hayajakauka," nikamwambia mzee Jivraj. "Huna yaliyotulia?"

"Yaliyotulia vipi?"

"Yaliyokaa stoo kivulini, yakakauka."

Mzee akamtazama mkewe. Mkewe akaacha kuandika. Nami, macho yangu hayakai mahali pamoja, nikaona nyuma kabisa, chini ya rafu ya betri, matairi manne yamezungushiwa karatasi ya kaki. Nikaenda nikaichana karatasi. Meusi, kashata zake, yale meno ya kushikia ardhi, ni nzima, hayajawahi kukanyaga barabara. Nikalisugua moja: gumu, kavu, halibonyei hata kidogo. Nikanusa. Halinuki kitu. Mama yangu, nilijisikia kama nimepata fungu la daraja la kwanza katikati ya takataka.

"Haya," nikasema.

"Hayo siuzi," akasema mzee Jivraj. "Ni ya zamani. Namwekea mwenye mikokoteni ya ng'ombe."

Tobia akanikonyeza. Sisi watu wa sokoni tunajua: mtu akikuambia hiki siuzi, ujue ndicho kizuri, anamtunzia nduguye.

"Mzee, nipe haya."

"Mama Jeska, sikiliza. Hayo yamezeeka."

"Ndiyo ninayotaka."

"Nakuambia mara ya tatu, hayo si ya tela, si ya mtoto..."

"Mzee Jivraj," nikamkatiza, na sauti yangu ilikuwa imepanda, najua, "wewe unajua kuuza. Mimi najua kuchagua. Mjukuu ni wangu."

Manjula akasema kitu kwa Kigujarati. Mzee akajikuna kidevu, akaketi kwenye kiti chake, akasema taratibu, "Chukueni mawili. Msilipe. Mpelekeeni Abdulatifu, yule fundi wa ng'ambo ya barabara. Akikubali kuyafunga, rudini mnilipe."

Nilitoka pale nimejaa ushindi. Muuzaji anayekupa mali kabla ya malipo, niliwaza, ameiamini mali yake. Tobia akayaviringisha kuvuka barabara, mimi nyuma yake, kidevu juu.

Abdulatifu ni kijana mwenye mabega mapana na maneno machache. Alitusalimia, akalilaza tairi chini, akalitazama ubavuni, akaacha kutafuna alichokuwa anatafuna.

"Mama, mmeyatoa wapi haya?"

"Wewe funga."

"Sifungi." Akalisimamisha, akaliegemea kwa uzito wake wote mpaka likajikunja kidogo, akaniita. "Njoo uone hapa."

Nikaona. Pale lilipojikunja, ubavu ulikuwa umefunguka vimistari, kwanza vyembamba, kisha akasukuma tena na vikapanuka kama nyufa za kisigino kiangazi. Akaingiza ncha ya bisibisi, na kipande cha mpira kikabanduka na kudondoka miguuni kwangu. Kikavu. Kikavu vizuri kabisa.

"Lakini halijatumika!" nikasema.

"Halijatumika, lakini limekufa. Mama, mpira si tumbaku. Mpira ukikauka ndiyo umekwisha. Soma hapa." Akanionyesha namba nne ndani ya kiduara: 1209. "Wiki ya kumi na mbili, mwaka elfu mbili na tisa. Hili nikilijaza upepo wa kuvutia tela, likapata joto la barabara, mngefika labda Mabama. Labda msifike."

Mwaka elfu mbili na tisa Jeska alikuwa darasa la sita, ana sare iliyoshonwa kiraka begani. Nikakaa juu ya rimu iliyokuwa pale. Nilimwona yule mtoto, kilo mbili na robo, amefungwa kwenye shuka nililomnunulia mimi, juu ya matairi niliyochagua mimi. Si Tobia. Si Jivraj. Mimi, kwa kidole gumba changu ninachojivunia kijiji kizima. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Na mimi nikiona aibu, huwa nakasirika. Nikainuka, nikavuka barabara bila kutazama pikipiki, nikasimama mbele ya kiti cha mzee Jivraj.

"Ulijua!"

"Nilijua."

"Ukaniacha nikaondoka nayo!"

"Nimekuambia mara tatu, Mama Jeska. Ningesema mara ya nne, ungekwenda duka jingine ukatafute makavu, na huko wangekuuzia na kukufungia na kukuaga kwa mkono. Nikaona ukamsikilize mtu asiyeuza."

Nikafanya jambo ambalo Tobia anasema hakuwahi kuliona tangu anioe. Nikasema, "Nisamehe, mzee," na machozi yakatoka hapo hapo mbele ya betri. Manjula akaniletea kiti na chai ya maziwa yenye tangawizi, akanipiga mgongoni kama anapiga mto. Baada ya hapo tukaanza upya.

Safari hii niliuliza mimi nikajibiwa. Mzee akataka kujua tela na mzigo wake vina uzito gani. Tobia akasema mbolea peke yake ni tani moja na nusu. Sasa Tobia naye alikuwa na ugonjwa wake: alishaona matairi mapana yenye kashata kubwakubwa na maandishi meupe, kama ya magari ya mashindano, na mkono wake ulikuwa umeshafika hapo. Abdulatifu, aliyetufuata, akamtoa mkono. "Mzee Tobia, hayo ni ya kwendea harusini. Ubavu wake mwepesi. Tela likikuyumbisha, yanalegea, na gari linalegea nayo." Akanionyesha namba ya ubavuni inayosema tairi moja linabeba kilo ngapi. Yale mapana yalikuwa yanabeba pungufu kuliko yale membamba ya mwanzo, yaliyoandikwa plai kumi, yaani uimara wa tabaka kumi, yale yale laini yanayonuka niliyoyakataa. Nilijisikia kucheka na kulia kwa pamoja.

"Na tarehe?" nikauliza.

Manjula akaniita nije nisome mwenyewe. "Mbili za mwanzo wiki, mbili za mwisho mwaka." Nikavaa miwani ya Tobia. Thelathini na moja, ishirini na tano. Miezi mitatu tu! Changa kuliko ujauzito wa Jeska. Nikasoma na la pili, maana siku ile sikumwamini mtu, mimi mwenyewe nikiwa wa kwanza kutoaminiwa. Lilikuwa sawa na mwenzake.

Tulipolipa, Abdulatifu akayafunga. Akajaza upepo kwa kipimo, si kwa kupiga teke kama wafanyavyo wengine. Akatuambia tusogeze mifuko iwe juu ya magurudumu ya tela, isirundikane mkiani. Mzee Jivraj, aliyekuwa amesimama juani wakati wote huo, akasema kumi ishushwe ilale stoo kwake, Tobia aje aichukue wiki ijayo. Tobia akafungua mdomo kubisha. Nikamtazama. Akaufunga, akashusha mifuko kumi.

Saa tisa tukawa Kitete. Jeska alitoka akitembea polepole, amekonda, macho makubwa, amemkumbatia mtoto kama mtu aliyebeba ndoo ya maji iliyojaa mpaka ukingoni. Nikampokea mkoba tu. Mtoto hakunipa. Tukakaa mbele sote, Jeska katikati, mimi mlangoni, na Tobia akaondoka kwa mwendo wa baiskeli.

"Baba, mbona taratibu hivi?" Jeska akauliza.

"Nasikiliza gari," akasema Tobia.

Mimi nilikuwa nasikiliza vile vile. Kila mlio, kila kokoto. Tulipopita pale tairi lilipopasukia asubuhi, niliona alama nyeusi barabarani, nikatazama upande mwingine. Mvua ilikuwa imenyesha mbele yetu na lami ilikuwa inang'aa. Tukavuka Mabama salama, nikaanza kupumua.

Ndipo lori likatokea upande wa pili, limejaa magogo, linapita pikipiki tatu kwa mpigo bila kutujali. Tobia hakuwa na pa kwenda ila pembeni. Gurudumu la mbele kushoto likatoka kwenye lami, kisha la nyuma, na pale ukingo ulikuwa umelika, una makali na kina cha mkono mzima. Nikasikia kishindo chini ya kiti changu, bu! Ni kishindo kile kile cha asubuhi. Nikamrukia Jeska, nikamfunika yeye na mtoto kwa mwili wangu, nikasema moyoni, ee Bwana, nichukue mimi.

Tela likavuta mara moja, likavuta mara ya pili. Gari likatulia. Lori lilikuwa limeshapita. Tobia akaenda mita hamsini hivi nje ya lami, akisubiri, nami nikisubiri, na halikuyumba tena. Akasimama.

Tulishuka sote wawili. Akapiga magoti kwenye matope, suruali yake ya Jumapili, akapitisha mkono kwenye tairi la nyuma kushoto. Ubavuni kulikuwa na mchubuko mrefu kama kidole changu, mpira umekwaruzika. Akaubonyeza. Akaweka sikio. Nikaweka na mimi sikio langu upande wa pili, watu wazima wawili tumekumbatia gurudumu barabarani, na wapita njia wanatutazama.

"Halitoi upepo," akasema.

"Hebu sikiliza tena."

"Rustika, halitoi. Limekwaruzika tu." Kisha akakaa kwenye matope pale pale, akaanza kucheka, nami nikacheka, tukacheka mpaka nikaumwa mbavu. Ingekuwaje kama lingekuwa lile kavu, sote wawili tulijua.

"Kuna nini?" Jeska akaita dirishani.

"Hakuna kitu," nikamjibu. "Baba yako kachoka."

Nilipopanda, Jeska alinitazama usoni. Kisha akanipa mtoto. Mtoto hakuwa ameamka hata kidogo. Nilimshika hivyo hadi Usoke, na mikono yangu haikuchoka.

Tulifika saa kumi na mbili na ushee. Octavian alikuwa na chokaa hadi kwenye nyusi, na majirani wamejaa uwanjani wakiimba. Nikasubiri kelele zipungue, nikaingia chumbani na mtoto, nikamwambia Jeska yote. Nilimwambia nilichochagua kwanza, na jinsi nilivyomkatiza mzee wa watu. Nilitegemea atalia, au atanifokea. Akasema, "Mama, umempigia huyo mzee kumwambia tumefika?"

Sikuwa nimepiga. Nikachukua simu, mtoto kifuani. Ikapokewa kabla haijaita mara mbili.

"Mmefika?" Ilikuwa sauti ya Manjula, bila hata salamu.

"Tumefika, mama. Salama kabisa."

Nikamsikia akipaza sauti kwa Kigujarati, kisha akarudi kwangu. "Afadhali! Huyu bwana anakaa mlangoni tangu mwondoke. Wafanyakazi wameshakwenda, mlinzi amekuja, chakula kinapoa, namwambia tufunge, anasema bado."

Simu ikabadilisha mikono. "Mama Jeska," akasema mzee Jivraj, na sauti yake ilikuwa imechoka. "Nimekaa hapa najiuliza. Je, kama leo Abdulatifu angekuwa amekwenda msibani? Ungepata fundi mwingine njiani, angeyafunga tu, angechukua hela yake. Nimeuza matairi miaka arobaini, nikayaacha yale yatoke dukani kwangu ili upate somo."

"Mzee, ukaidi ulikuwa wangu."

"Ukaidi wako ni wako. Mlango ni wangu. Yale makavu nimeyakata kwa msumeno, yote manne. Mtoto yuko wapi sasa hivi?"

"Yuko hapa kifuani. Amelala."

Nikaelewa anachotaka, nikaisogeza simu karibu na pua ya mtoto, nikaiacha hapo. Alikuwa anakoroma kidogo, kama wanavyokoroma watoto wa siku tatu. Nilipoirudisha sikioni, nilimsikia mzee akishusha pumzi.

"Haya, Manjula," akasema, "lete funguo."

Kisha nikasikia mlango wa chuma wa duka ukivutwa chini, na kufuli likibanwa.